Mjomba Aliyekataa Kuwa Baiskeli

Mwaka niliorudi kutoka masomoni Kampala niliajiriwa katika chuo cha ualimu kilichokuwa juu ya kilima, ng'ambo ya mashamba ya chai ukitoka Litein. Niliajiriwa kufundisha Kiingereza. Lakini siku ya kwanza kabisa mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu aliyezoea kuinamisha kichwa hata kwenye milango isiyohitaji kuinamiwa, aliniambia kwamba nitakuwa pia mshauri wa wanafunzi wanaoshindwa na masomo. Alisema amenichagua kwa sababu mimi ni kijana na ni mwenyeji, kwa hiyo watanifungulia mioyo.

Sijui nani alimwambia hivyo. Mwanafunzi anayeshindwa hamfungulii mtu moyo. Anakuja Jumatano mchana baada ya chakula, tumbo limejaa ugali na maharagwe, anakaa mbele yako na kukubali kila neno. Usome kila jioni. Ndiyo, mwalimu. Ukikwama uulize. Ndiyo, mwalimu. Nimesema nini? Hapo anageukia dirisha, na dirishani kuna mvua, kwa sababu kule kwetu mchana ni wa mvua, na mnabaki nyote wawili mkiitazama.

Mmoja wao alikuwa na desturi ya kusoma akiuzunguka uwanja wa mpira, kitabu usoni, kwa sauti ya mtu anayehubiri. Kila wiki alianza upya ukurasa wa kwanza, kwa sababu, alisema, hawezi kuingia kitabu katikati kama mwizi. Mwingine aliniapia kwamba anajua kila kitu mpaka karatasi ya mtihani inapowekwa mezani, halafu yote yanaruka kama kuku aliyefukuzwa. Niliwashauri. Niliwapangia ratiba. Nikawahamisha kutoka viti vya nyuma kuwaleta mbele. Kila Jumatano jioni nilirudi nyumbani kichwa kikigonga, na kila mtihani ukija, wanafunzi wangu walikuwa palepale nilipowakuta.

Halafu, katika muhula wa pili, akaongezwa mjomba wangu.

Huyu alikuwa ndugu mdogo wa mama yangu. Asiyejua mila zetu sisi Wakipsigis huenda asielewe uzito wa jambo hili. Mjomba wa upande wa mama si mtu wa kukaripiwa. Ukimhuzunisha, huna raha maishani, na hakuna mzee atakayekuonea huruma. Tena huyu wangu ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuwa na shule ya kanisa nyumbani kwetu, kuta za udongo na paa la nyasi, na kabla ya vibao vya kuandikia kufika alituchorea herufi chini kwa kijiti. Yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa ualimu. Alijua kusoma, akaambiwa afundishe, akafundisha miaka mingi.

Ndipo idara ya elimu ikaamua kwamba kila mwalimu asiye na cheti aende chuo akakitafute, la sivyo aache darasa. Mjomba akafunga sanduku lake la mbao, akavaa koti lake jeusi la Jumapili, akaja kukaa kwenye dawati miongoni mwa vijana ambao wengine angeweza kuwazaa. Wao walimwita Mzee. Walipokuwa na haraka walimpita kwenye mlango wa bwalo, na yeye aliwapisha, akishika kofia yake kifuani.

Baada ya mtihani wa katikati ya muhula mkuu wa chuo aliniita.

"Huyu mtu mzima amepata alama nzuri katika hesabu, maarifa ya Biblia na kilimo," alisema. "Kiingereza anakielewa. Lakini kwenye insha amepata sifuri. Unamjua?"

"Ni mjomba wangu, bwana."

"Vizuri sana!" alisema, akafurahi kweli. "Basi itakuwa rahisi."

Jumatano ile mjomba aliingia chumbani kwangu, akatazama huku na huku, na kwa kuwa kulikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo, akakikalia. Kilikuwa kiti changu. Mimi nikachukua kigoda. Akauliza habari za mama yangu. Akauliza kama yule beberu wa jirani bado anavunja ua. Nilijibu yote, maana huwezi kumkata mjomba maneno, na muda wa ushauri ukawa unakwisha.

Mwishowe nikamwekea karatasi yake mbele. Swali lilitaka waandike kwa Kiingereza maisha ya baiskeli, kama baiskeli yenyewe inavyoyasimulia. Wengine walikuwa wamejaza kurasa. Mjomba aliandika sentensi moja, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na maana yake ilikuwa hii: Mimi si baiskeli. Nukta. Chini yake akaweka jina lake.

"Mjomba," nikasema, "hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa ninajibu."

"Lakini swali linasema ujifanye baiskeli."

"Nimelisoma."

"Basi kwa nini hukujifanya?"

Alinitazama kwa upole, kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipoandika herufi kinyume. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nishike kalamu niandike kwamba nina magurudumu?"

Nikamwambia kwamba hakuna atakayeamini. Akasema kama hakuna atakayeamini, ni kazi gani kuandika? Nikamwambia ni zoezi. Akasema anajua mazoezi mengi ambayo si ya kusema uongo. Nikamkumbusha kwamba nilipokuwa mdogo alitusimulia hadithi za sungura na fisi mpaka tukacheka machozi, na sungura wale walisema, walidanganya, walipanda hata mbegu.

"Ndiyo," alisema. "Hiyo ilikuwa kabla sijaokoka."

Kengele ikalia. Akasimama, akanyoosha koti, akanishukuru kwa mazungumzo, akaenda kusoma kilimo.

Nilirudi kwake Jumatano iliyofuata nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekesha na Biblia. Nikamwambia kwamba Yesu mwenyewe alisimulia habari za mpanzi, na mwana mpotevu, na yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, na hakuna palipoandikwa kwamba watu hao walikuwa na majina au vijiji.

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejaribu. "Lakini aliwaambia kuwa ni mifano. Na hakusema, mimi ndimi yule mwana mpotevu. Alisema, palikuwa na mtu."

"Basi andika, palikuwa na baiskeli!"

"Swali linataka mimi niwe hiyo baiskeli. Nikiandika palikuwa na baiskeli, nitakuwa sikujibu swali. Si ndivyo wewe mwenyewe ulivyotufundisha darasani? Tujibu swali lililoulizwa?"

Ndivyo nilivyokuwa nimewafundisha. Nilitoka nje nikasimama kidogo barazani.

Nilimwendea mkuu wa chuo nikauliza kama mjomba hawezi kupewa swali jingine. Mkuu aliinama, akafikiri, akasema kwamba mtihani wa mwisho haumo mikononi mwake. Unatungwa Nairobi, na watunzi wanapenda sana baiskeli, na viatu vikuukuu, na miavuli. Mwaka uliopita ilikuwa kiatu. "Mshawishi," aliniambia. "Ni ndugu yako."

Jumapili nilikwenda nyumbani kumwomba mama yangu msaada. Yeye alikuwa dada yake mkubwa, na nilijua kwamba duniani hakuna mtu mwingine ambaye mjomba alimwogopa. Mama alinikaribisha, akanimiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akaketi kunisikiliza. Nilimweleza yote. Nikaona uso wake unabadilika, nikadhani amekasirishwa na ndugu yake.

"Unataka ndugu yangu aseme yeye ni baiskeli?" aliuliza.

"Si kusema, mama. Kuandika."

"Kuandika ndiko kubaya zaidi. Kusema kunapita." Akainuka kuchochea moto. "Tulikupeleka mbali kusoma ili urudi kuwafundisha wakubwa wako mambo kama hayo?"

Nilimaliza maziwa yangu, nikaaga. Njia ya kurudi chuoni ilikuwa matope matupu, baiskeli yangu halisi ikakwama mara kwa mara, na kila nilipoishuka kuisukuma nilimfikiria mjomba na kusaga meno.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Tulipowapeleka wanafunzi kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyokuwa chini ya kilima, vijana wangu walitetemeka, wakaangusha chaki, wakawapigia watoto kelele. Mjomba aliingia darasa la pili, akasimama tu. Watoto wakanyamaza wenyewe. Akawauliza asubuhi hiyo wameona nini njiani, wakasema wameona wanawake wa chai na vikapu mgongoni, akaanzia hapo, na kabla ya kengele watoto wale walikuwa wakijumlisha vikapu na kuvigawanya bila kugundua kwamba wanafanya hesabu. Mkuu wa chuo alikuwa nyuma ya darasa, amekunjika kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu. Tulipotoka alisema, "Huyu tusimpoteze." Kisha akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nikimpoteza.

Jumamosi moja mchana nilishuka kijitoni ambako wanafunzi walikuwa wakifua nguo. Vijana walikuwa juu, wakirushiana maji na kuimba. Mjomba alikuwa peke yake upande wa chini, ambako shamba la chai la kampuni lilifika karibu na ukingo, na upepo ulileta ile harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani. Alikuwa akisugua kola ya shati. Sikuja kumshauri. Nilikuwa nimechoka kushauri. Nikakaa kwenye jiwe.

"Unadhani mimi ni mkaidi," alisema bila kuinua macho.

"Sijasema hivyo, mjomba."

"Hukusema. Lakini ukitoka chumbani unapumua kama fahali."

Akalisuuza shati, akalikamua, akalitandaza juu ya kichaka.

"Mama yako aliwahi kukuambia nilikuwa nikifanya kazi gani kabla ya kanisa?"

Nilijua tu kwamba alikuwa akienda na kurudi soko la Siongiroi. Hakuna aliyewahi kunieleza zaidi, na nikiwa mtoto sikuuliza.

"Nilikuwa dalali wa ng'ombe," alisema. "Nilikuwa na mdomo. Mtu akileta mnyama sokoni na hajui kumsifu, aliniita mimi. Nilimsifu mnyama mpaka mwenyewe akatamani kumrudisha nyumbani. Siku moja nilimsifia mjane mmoja ng'ombe. Nikamwambia nimemwona akizaa ndama wawili, nimeyanywa maziwa yake. Sikuwahi kumwona kabla ya asubuhi ile. Ng'ombe yule alikuwa mgonjwa. Mjane akampeleka nyumbani, ng'ombe akawaambukiza wenzake, na boma likabaki tupu. Alikuwa na watoto wadogo."

Maji yalikuwa yakipita. Vijana juu kule waliangua kicheko kwa jambo lao.

"Sikumwibia," mjomba alisema. "Ilikuwa maneno tu. Kila mtu pale sokoni alisema maneno. Lakini nilipita kwake baadaye, nikaona wale watoto. Nilipookoka, nilisimama mbele ya watu nikasema: kuanzia leo nitasema kilichoko. Sikusema nitakisema isipokuwa kwenye mtihani."

Nilimhurumia. Nikaona aibu kwa hasira yangu yote. Lakini nitakuwa nami mwongo nikisema hasira iliisha. Nilimtazama mtu yule, na bado nilitamani kumshika mabega nimtikise. Kwa sababu kule nyumbani palikuwa na darasa zima la watoto waliokuwa wakimngoja, na kama hangerudi na cheti wangeletewa mmoja wa wale waangusha chaki.

"Mjomba," nikasema, "baiskeli si ng'ombe."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana niliandika kwamba mimi si baiskeli."

Wiki zikapita. Nilimpa vichwa vingine vya insha. Maisha ya chungu: akaandika jinsi chungu kinavyofinyangwa, udongo gani unafaa, na kwa nini usikiweke juani mapema. Ilikuwa insha nzuri, na haikuwa jibu. Maisha ya mbwa mzee: akaandika habari za mbwa aliyemjua, na dosari zake zote. Nikasahihisha. Nikarudisha. Vijana wengine wa Jumatano waliniona nikihangaika na Mzee, wakapata nafuu, maana sikuwa tena na nguvu za kuwauliza wao kitu.

Mchana mmoja, mtihani ukiwa umekaribia sana, nilikuwa naye mbele ya ubao katika darasa tupu. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa mwanzo wa insha, ili amalizie: Mimi ni baiskeli. Alinyanyuka, akachukua kifutio, akafuta neno moja, akaongeza jingine, akarudi kukaa. Sasa ubao ulisema: Hii ni baiskeli.

Nikatupa chaki. Ilivunjika ukutani, na mlio wake ukanishangaza mimi mwenyewe.

"Mjomba, nimechoka!" nilisema. "Ningekuwa wewe, ningeiandika hiyo baiskeli, ningefaulu, ningerudi nyumbani kwa watoto wangu, ningesimama mbele ya darasa langu na hakuna ambaye angeniuliza habari za magurudumu mpaka nife!"

Nilijua nimevuka mpaka. Nilimpigia mjomba kelele, ndani ya darasa, mlango ukiwa wazi. Nikangoja aniambie neno ambalo lingenifuata maisha yangu yote.

"Sema tena," alisema.

"Nisamehe, mjomba."

"Hapana. Sema tena ulivyosema. Ule mwanzo."

"Ningekuwa wewe..."

"Wewe ni mimi?"

"Hapana."

"Na umesema kwamba wewe ni mimi?"

"Sikusema. Nimesema ningekuwa."

"Hukusema uongo," mjomba alisema polepole. Aliinuka kitini, akausogelea ubao, akautazama muda mrefu kana kwamba maneno yapo tayari, ni mimi tu nisiyeyaona. "Ungekuwa mimi, ungefanya hivi na vile. Na wewe si mimi, na kila anayesikia anajua. Kwa Kiingereza inasemwaje?"

Nikaokota kipande cha chaki sakafuni.

Mtu akidhani hapo shida yangu ilikwisha, hajawahi kufundisha. Katika Kiswahili tuna silabi moja ndogo ya kutia kwenye kitenzi, ukasema ningekuwa, ningekwenda, ningeanguka, na mambo yamekwisha. Katika Kiingereza jambo hilohilo ni pori. Wanafunzi wangu bora walilikimbia. Mjomba aliliingia na koti lake. Alitaka kujua kila kitenzi kinakuwaje, na kwa nini, na kama jambo limepita inakuwaje, na kama halijapita. Alinifuata barazani. Alinifuata mpaka nyumbani kwangu wakati wa chai. Bwaloni, ambamo tulitakiwa kusema Kiingereza, alikuwa akisema kwamba kama kungekuwa na chumvi, angeiomba, na chumvi ilikuwa palepale mbele yake. Vijana wakacheka, kisha wakaanza kumwiga, na kwa wiki kadhaa chuo kizima hakikusema jambo lolote moja kwa moja. Mkuu wa chuo aliniuliza kama wanafunzi wana homa.

Nilijaribu kumweleza kwamba inatosha kuanza hivyo, sentensi ya kwanza tu, halafu aendelee kama kawaida: niliendeshwa, nilianguka, niliuzwa. Akakataa. Alisema akiacha kulirudia neno lile hata mara moja tu, msomaji atakayeanzia hapo atadhani ni kweli. Nikamwambia hakuna msomaji anayeanzia katikati ya insha. Akanitajia yule kijana wa uwanja wa mpira, akasema pengine huyo naye angejifunza kuanzia katikati. Nikaacha.

Siku ya mtihani wa Kiingereza nilingoja chini ya paa la bwalo. Karatasi niliiona mapema kidogo, mara tu walipoianza, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Insha zilikuwa mbili, mtu achague moja. Ya kwanza ilikuwa maisha ya mwavuli. Ya pili ilikuwa: Eleza harusi uliyohudhuria nyumbani kwenu. Harusi! Mjomba alikuwa amehudhuria harusi zote za eneo letu, nyingine amezifungua kwa sala. Ukweli mtupu, mwanzo mpaka mwisho. Niliketi nikashukuru watunzi wa Nairobi.

Alitoka wa mwisho, akifuta kalamu yake kwa kitambaa.

"Umeandika harusi," nikasema. Sikuuliza hata.

"Mwavuli," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mjomba, harusi ilikuwa kweli tupu!"

"Ndiyo maana. Harusi ningeweza kuikosea. Ningesema fahali alikuwa mwekundu na kumbe alikuwa na mabaka. Ningesema fulani alikuwepo na kumbe alikuwa mgonjwa siku hiyo. Nani angenikumbusha pale ndani?" Akakikunja kitambaa. "Lakini kwa mwavuli hapana hatari. Sikuwahi kuwa mwavuli."

Nyasi zilikuwa na maji. Nilikaa juu yake hivyohivyo na suruali yangu nzuri.

Matokeo yalipokuja mkuu wa chuo aliniita ofisini, akasimama, akanipa mkono. Mjomba alikuwa amefaulu. Kiingereza kilikuwa kimepita kwa chupuchupu, lakini kilipita. Mkuu alitaka kujua nilitumia njia gani, ili awaeleze walimu wengine. Nilisema tu kwamba ilihitaji uvumilivu, na ulimi wangu ukawa mzito kwa neno lile.

Nilimkuta mjomba nyuma ya mabweni. Nilipomwambia hakuruka wala hakupiga kelele. Alivua kofia. Alitazama chini kwa muda, midomo ikicheza, na nikageuka upande ili asione ninamwona. Kisha akauliza habari za yule kijana wa uwanja wa mpira. Nikamwambia kwamba huyo ameanguka. Akavaa kofia yake akaenda kumtafuta, na alikaa naye alasiri nzima kwenye ukingo wa uwanja. Jioni kijana alikuja kwangu akasema ameamua atarudia mwaka, na kwamba amejua dawa: atakuwa akianzia kitabu katikati.

Nilimwendea mjomba mbio. "Ndivyo nilivyomwambia mwaka mzima!"

"Labda ulimwambia haraka," alisema.

Hakurudishwa kwenye shule yetu ya udongo. Idara ilimpeleka Siongiroi, kwenye shule mpya karibu na soko lilelile. Nilidhani atakataa, nikawa tayari kumsemea kwa mkuu. Hakukataa. Alikaa na barua ya idara mkononi, akasema kule watu wanaufahamu mdomo wake wa zamani, basi si vibaya wakausikia na wa sasa. Alifundisha huko mpaka alipostaafu, na wapo watu wazima leo, wengine na vyeo, ambao hawawezi kukuahidi jambo bila kwanza kufikiri sana, na ukiwauliza walisoma wapi watakutajia Siongiroi.

Asubuhi ya kuondoka alipata nafasi kwenye lori la mahindi. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani. Dereva alikuwa na haraka, injini inanguruma, wingu limejikusanya juu ya mashamba. Mjomba aliweka sanduku sawa, akanigeukia, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kuomba. Aliniombea afya. Alimwombea mama yangu. Dereva akapiga honi. Mjomba akaendelea, bila kupandisha sauti wala kuishusha, akamwomba Mungu anipe moyo wa kuwavumilia watu wanaochelewa kuelewa. Mvua ikaanza. Nilitaka kumwambia ni nani hasa aliyenichelewesha mwaka ule mzima. Lakini mjomba akiomba hakatizwi, kwa hiyo nilifumba macho, matone yakinipiga shingoni, nikangoja amalize.